Kodi ya Bwawa la Pellam

Verla Madariaga aliingia saluni kwangu Jumatano moja ya Agosti, akajitupa kwenye kiti cha karibu na dirisha, akasema, "Corliss, zipunguze mpaka masikio yaonekane. Nagombea udiwani."

Nilishika mkasi, nikamtazama kwenye kioo. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mabega mapana kama ya mpakia mizigo, na uso uliokaushwa na jua na dawa ya maji. Kwa miaka thelathini na mmoja alifundisha kuogelea katika bwawa la mji wetu wa Pellam, huku mashariki mwa Oregon. Nusu ya wateja wangu waliwahi kumeza maji mbele yake.

"Unagombea dhidi ya nani?"

"Orrin."

"Orrin Tollefson? Verla, yule mtu yuko barazani tangu simu zikiwa na waya."

"Basi atakuwa amechoka. Nakwenda kumpumzisha."

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikaanza kukata.

Bwawa lilikuwa limefungwa kiangazi cha tatu sasa. Sakafu ilipasuka, pampu ikafa, baraza likasema halina fedha, geti likafungwa kwa mnyororo. Watoto walihamia kwenye mfereji mkubwa unaomwagilia mashamba ya vitunguu. Ukiutazama ule mfereji utadhani maji yamelala, kumbe chini yanakimbia. Julai ile msichana wa miaka tisa alibebwa na maji mpaka karibu kabisa na lango la chuma linalozuia maji, na ni mfanyakazi wa mfereji, aliyekuja kuondoa magugu, ndiye aliyemdaka kwa fulana. Mji mzima ulimshukuru Mungu kwa bahati ile.

"Kila mtu ananiambia bahati, bahati," Verla alisema huku nywele zikimdondokea mabegani. "Sawa, bahati ipo. Lakini mimi sijawahi kufundisha bahati. Nimefundisha watoto kuelea."

Baraza lilikuwa limekubali, kwa shingo upande, kulirudisha swali la kodi kwa wananchi. Kodi ya burudani, ya miaka mitano, ya kutengeneza bwawa, uwanja wa mpira na chumba cha mazoezi cha wazee. Kwenye karatasi ilikuwa na jina refu na namba. Mjini tuliiita kodi ya bwawa. Mwenye nyumba ya dola laki mbili angelipa dola tisini na sita kwa mwaka. Tulishaikataa mara mbili, na mara ya pili tuliikataa vibaya zaidi kuliko ya kwanza. Sasa ingekuwa kwenye karatasi moja ya kura na kiti cha Orrin, na Orrin alikuwa ameshasema waziwazi kwamba anaipinga.

Siku ile nilimpa ushauri ambao kila mtu mwenye akili alimpa baadaye. Nilimwambia, "Gombea, lakini hiyo kodi usiitaje. Watu wanakupenda wewe. Kodi hawaipendi. Ukiibeba itakuzamisha."

"Kuzama kitu gani, Corliss? Mimi?"

Akalipa, akaniachia bahashishi kubwa kuliko kawaida yake, na kabla hajafika mlangoni akageuka. "Na wewe ndiye mwenyekiti wa kampeni yangu. Unajua siri za watu wote."

Hivyo ndivyo nilivyopata cheo.

*

Septemba nzima tulitembea nyumba kwa nyumba. Nikifunga saluni saa tisa alasiri, Verla ananingoja nje na chupa mbili za maji na ramani ya mitaa aliyoichora mwenyewe. Hakuwa na hotuba. Aligonga, akasubiri, mlango ukifunguliwa akasema, "Naitwa Verla. Nataka kiti cha Orrin na nataka kodi ya bwawa ipite. Sema unalotaka kusema." Kisha ananyamaza. Sijawahi kuona mgombea anayenyamaza hivyo. Watu walizoea kukimbizwa na maneno. Wakikuta kimya, wanaanza kusema ya moyoni.

Wengine walisema ndiyo. Wengine walitufungia mlango. Mama mmoja wa mtaa wa Alder alituambia hataki watoto wa mji wa jirani waje kujaza bwawa letu, na Verla akamuuliza kama naye hajawahi kwenda kununua viatu katika mji wa jirani. Yule mama alifikiri kidogo, akasema atatupigia kura, ila watoto hao walipe zaidi mlangoni. "Hilo lizungumzwe," Verla akasema, akaliandika.

Nyumba ya mwisho kabisa, pale lami inapoishia, ilikuwa ya mzee Thurl Strayer. Miaka themanini na minne, mkulima wa vitunguu aliyestaafu, mjane, sikio moja linasikia na jingine linasikia linapotaka. Alikuja mlangoni akiegemea fimbo, mkono wake wa kulia ukitetemeka.

"Mwalimu wa maji," alisema. "Nimesikia unataka pesa yangu."

"Naitaka, mzee. Dola sabini hivi kwa nyumba hii."

"Nyumba hii haioni dola sabini. Na mimi mara ya mwisho kuogelea nilikuwa jeshini, na nililazimishwa. Nitapata nini?"

Nilikuwa na majibu matano. Chumba cha mazoezi cha wazee, thamani ya nyumba kupanda, na mengineyo tuliyoyaandika. Verla hakutoa hata moja.

"Huenda usipate kitu," alisema. "Ni kwa ajili ya watoto ambao si wako, na hutawajua majina."

Mzee aligonga fimbo sakafuni. "Angalau wewe husemi uongo. Kura yangu ni hapana. Na Orrin huwa ananiletea misumari kutoka dukani kwake mpaka hapa mlangoni, kwa hiyo yeye ndiyo."

"Nimekusikia," Verla akasema, akaandika kwenye daftari: Strayer, hapana, hapana. Kisha akaona ngazi ya veranda imelegea ubao mmoja, akaomba nyundo, akaupigilia. Tulipoondoka nilimwambia tumepoteza nusu saa kwa mtu aliyeshakataa. Akaniambia ule ubao ungemvunja mguu.

*

Mambo yaliharibika wiki ya pili ya Oktoba, karatasi za kura zikiwa zinakaribia kutumwa majumbani kwa posta. Asubuhi moja nilikuta kipeperushi kimechomekwa kwenye mlango wa saluni. Hakikuwa na jina la aliyekiandika. Kilisema hivi: mpango wa bwawa una nafasi ya meneja, yenye mshahara wa mwaka mzima na bima, nafasi hiyo imeandaliwa kwa Verla Madariaga, ndiyo maana anaitetea kodi. Chini, kwa herufi nene: UNALIPA WEWE, ANAOGELEA YEYE.

Kilikuwa kwenye kila mlango wa barabara kuu.

Verla alikuja saa nne. Alikisoma akiwa amesimama, akakikunja mara nne, akakitia mfukoni. Nilikuwa na mteja chini ya kikaushio, kwa hiyo nilimvuta mpaka kwenye chumba cha nyuma, kati ya mataulo na maboksi ya rangi.

"Niambie ni uongo," nilisema.

"Nusu."

"Nusu ipi?"

Alikaa juu ya boksi. Ndipo nilipomwona, kwa mara ya kwanza tangu Agosti, kama mtu aliyebeba kitu kizito peke yake. Aliniambia kwamba nafasi ya meneja ipo kweli. Mkuu wa ofisi ya mji alimnong'oneza mapema mwaka ule kwamba kodi ikipita hakuna mwingine watakayemfikiria. Hakuahidiwa kwa maandishi, lakini ilijulikana.

"Na uliitaka?"

"Corliss, niliitaka kama nilivyomtaka mume wangu. Kurudi pale, kuweka mambo sawa, kufundisha tena. Kila asubuhi ninapoamka mikono yangu inadhani inakwenda kazini."

"Basi, sasa?"

"Sasa diwani haruhusiwi kuajiriwa na mji. Ni sheria. Siku niliyochukua fomu ya kugombea, niliiacha ile kazi. Nikishinda, siipati. Nilijua."

Nilivuta boksi jingine, nikakaa mbele yake. Nikasema kile ambacho rafiki yeyote angesema: "Basi jitoe, mpenzi. Karatasi bado hazijatumwa. Tuitetee kodi, ikipita uchukue kazi yako. Orrin abaki na kiti chake, kinamsaidia nini mtu?"

Alitikisa kichwa. "Nimelifikiria hilo mpaka nimechoka. Lakini jiulize kwa nini bwawa lilipasuka. Walimu tulikuwapo. Mimi nilikuwapo, kila mwaka napeleka barua kwamba ufa unakua. Barua inafika barazani, na pale mezani hakuna hata mmoja anayejua ufa wa bwawa ni nini. Wanaipeleka mwakani. Mwakani wanaipeleka mwakani. Mwalimu mzuri anaweza kupatikana. Kwenye kile kiti hakuna mtu."

Alisimama, akapangusa suruali. Mzigo ulikuwa umemtoka usoni. "Haya, katengeneze nywele za yule mama kabla hajaungua. Jumamosi nitalisema mbele ya watu."

*

Jumamosi mchana kulikuwa na mdahalo katika ukumbi wa wakulima. Kulikuwa na sufuria mbili kubwa za maharage na nyama yenye pilipili, mikate ya mahindi, na pai za tufaha zilizopangwa mezani kama wanajeshi. Watu walijaa mpaka wakasimama ukutani. Nilihesabu vile vipeperushi mikononi mwa watu nikaacha kuhesabu.

Orrin Tollefson alianza. Alikuwa mtu mrefu wa miaka sitini, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, sauti taratibu, na tabia ya kufunga vifungo vyote vya shati hata wakati wa joto. Huwezi kumchukia Orrin. Alisema mji wetu una watu wazima wengi wenye pensheni ndogo, na kwamba kodi huja kwa jina la miaka mitano na kuota mizizi. "Leo ni bwawa," alisema. "Kesho ni nini? Mimi siuchukii mchezo. Nauogopa mkono unaozoea kuingia mfukoni mwa jirani." Akapigiwa makofi ya haki.

Verla alipanda. Alikitoa kile kipeperushi mfukoni, akakikunjua, akakisoma kwa sauti neno kwa neno, pamoja na yale ya herufi nene. Vijiko vikatulia kwenye mabakuli.

"Kazi ipo," alisema. "Na nilikuwa naitaka. Aliyeandika hapa hakukosea. Alichosahau ni kwamba diwani hawezi kuajiriwa na mji. Kwa hiyo mkinichagua mimi, mnahakikisha siipati. Anayetaka kuninyima ile kazi, dawa ni moja: anipigie kura."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mpaka mbele. Lakini kijana mmoja wa upande wa Orrin, mwenye kofia ya kampuni ya mbegu, akapaza sauti: "Maneno hayo! Nani anathibitisha? Mtabadilisha sheria mkishaingia!"

Wakaanza kuzomeana. Verla aliinua mkono, hawakumsikia. Ndipo Orrin aliposimama kutoka kwenye kiti chake, akaenda mpaka kwenye kipaza sauti, akasimama bega kwa bega naye.

"Mimi nathibitisha," alisema. "Nimekaa barazani miaka kumi na sita, sheria hiyo naijua, na haibadilishwi na diwani. Anasema kweli." Akamgeukia yule kijana. "Na wewe, Denny, kama karatasi hii imetoka kwa watu wanaodhani wananisaidia, waambie sikuwatuma. Nataka kumshinda huyu mama kwa kodi yake. Kwa uzushi sitaki."

"Hutanishinda," Verla alisema kando yake, na kipaza sauti kikaidaka.

"Tutaona, Verla."

"Tutaona, Orrin. Funga kifungo, kimefunguka."

Orrin akajishika shingoni. Kifungo kilikuwa kimefungwa. Ukumbi ulivunjika kwa kicheko, naye akacheka mpaka akafuta macho. Nilijua pale kwamba tumeingia kwenye mbio za kweli.

*

Siku ya uchaguzi, saa mbili usiku, karani wa uchaguzi alibandika hesabu ya kwanza. Kodi ilikuwa mbele kwa kura ishirini na mbili. Verla alikuwa nyuma ya Orrin kwa kura nne.

Watu walinishika mkono kama niko msibani. Verla aliinama akasoma ile karatasi ya ukutani, akauliza, "Zimebaki ngapi?"

Zilibaki zilizokuwa bado njiani kwa posta. Na zilibaki nyingine thelathini na nne za watu wa mji wetu ambao sahihi zao kwenye bahasha hazikufanana na zile zilizoko ofisini, au walisahau kabisa kutia sahihi. Hao walitumiwa barua. Kila mmoja alitakiwa kujaza fomu na kuirudisha kabla ya siku ya mwisho. Asiporudisha, kura yake haifunguliwi. Muda uliowekwa na sheria ulipofika, karani alitoa orodha ya majina kwa yeyote aliyeitaka. Orrin aliichukua. Sisi tuliichukua.

Niliipitia saluni na kalamu nyekundu. "Hawa kumi na mmoja ni wetu," nilimwambia Verla. "Hawa saba hawajulikani. Hawa waliobaki ni wa Orrin, achana nao."

Alinipokonya kalamu. "Tunakwenda kwa wote."

"Verla!"

"Ni watu waliopiga kura. Kura zao zimekaa kwenye droo. Wote."

Tulikwenda kwa wote. Kuna waliofurahi, kuna waliodhani tunawatapeli. Binti mmoja alikuwa ameolewa akabadilisha jina la ukoo na kusahau kuiarifu ofisi. Bwana mmoja alitia sahihi kwenye bahasha ya mkewe, na mkewe kwenye ya kwake, kwa kuwa bahasha zilichanganyika mezani wakati wa chakula. Tulipofika siku ya mwisho, Jumanne, tulikuwa tumebakiza jina moja. Strayer, Thurl.

"Hapana, hapana," nilimkumbusha. "Umeandika mwenyewe kwenye daftari."

"Washa gari."

Ilikuwa saa tisa na robo. Ofisi ilikuwa inafunga saa kumi na moja. Tulipofika mwisho wa lami tukalikuta gari la mizigo la Orrin limeegeshwa pale, limejaa mabati mpaka nyuma, mengine yameegemezwa kwenye kiti cha mbele. Orrin mwenyewe alikuwa kwenye veranda, kofia mkononi, akibishana na mzee.

"Naye huyu amekuja!" mzee Strayer alisema alipomwona Verla. "Mnagombania maiti?"

"Kura yako haijahesabiwa, mzee," Orrin alimwambia, na kwa namna alivyolisema nilijua alikuwa akilirudia kwa mara ya nne. "Sahihi yako haifanani."

"Haifanani kwa sababu mkono wangu haufanani! Wao wana sahihi ya mwaka gani? Mkono ule ulikuwa unabeba magunia mawili!"

Barua ya ofisi ilikuwa jikoni, haijafunguliwa, chini ya kopo la kahawa. Verla alimsomea polepole, upande wa sikio zuri. Fomu ilikuwa fupi. Orrin alisema mzee atie sahihi hapo hapo, yeye ataifikisha kwa karani.

"Wewe?" mzee akasema. "Wewe utaisahau kwenye mabati. Na huyu mwalimu ataitupa mferejini, anajua nilichoandika. Naipeleka mwenyewe."

"Basi nitakupeleka," Orrin akasema, akageuka kulitazama gari lake na yale mabati. Hapakuwa na nafasi ya mtu.

Wote wawili wakanitazama mimi.

Hivyo ndivyo nilivyoendesha gari mjini siku ile, mzee Strayer kando yangu na fimbo kati ya magoti, na nyuma wagombea wawili wa kiti kimoja wamebanana kati ya boksi la shampuu na mataulo yangu ya kufuliwa. Mzee alijipinda akawatazama.

"Mnaonekana kama kaka na dada wanaopelekwa kung'olewa meno."

"Yeye ndiye atakayelia," Verla akasema.

"Mimi sina meno ya kung'oa," Orrin akasema, na kwa kweli alikuwa na ya bandia, mji mzima ulijua.

Tukavuka daraja la mfereji. Kisha mzee akauliza, bila kugeuka, "Mwalimu. Unajua nilivyopiga?"

"Ulishaniambia."

"Na unanipeleka?"

"Nakupeleka. Jishikilie, Corliss anaendesha kama ng'ombe wanamfukuza."

Nilikuwa naendesha hivyo kweli. Tulifika ofisini saa kumi na nusu. Ngazi za ofisi ya karani ni za mawe na ziko tisa. Orrin alimshika mzee mkono wa kulia, Verla wa kushoto, wakampandisha moja moja. Karani, ambaye hajawahi kutabasamu tangu aajiriwe, alisimama. Mzee alitia sahihi mbele yake. Ilimchukua muda mrefu, na herufi zilikuwa zinapanda na kushuka kama njia ya milimani, lakini zilikuwa zake.

"Sasa inafanana?" aliuliza.

"Inafanana na wewe," karani alisema, akagonga muhuri.

*

Hesabu ya mwisho ilitoka Jumatatu iliyofuata. Kodi ya bwawa ilipita kwa kura thelathini na moja. Verla Madariaga alimshinda Orrin Tollefson kwa kura saba.

Orrin alikuja saluni mchana ule ule, mahali ambapo sijawahi kumwona mwanaume mwingine akiingia kwa hiari yake. Alimpa Verla mkono. Hakujifanya hajaumia, macho yalikuwa mekundu. Alisema, "Nitakuwa nakuja kwenye kila kikao na swali."

"Ukikosa kuja nitakufuata dukani," Verla alimjibu. "Kile kiti kinahitaji mtu wa kukisumbua."

Na alikuja. Hata mwezi mmoja hakukosa. Aliuliza kuhusu bei ya saruji, kuhusu mkandarasi, kuhusu kwa nini pampu inunuliwe mbali, na mara mbili alikuwa sahihi, Verla akasema hivyo mbele ya watu. Ile pampu ilinunuliwa karibu. Mzee Strayer hatukuwahi kumuuliza aliandika nini hasa kwenye karatasi yake, naye hakusema. Alilipa kodi yake kwa hundi na barua ya kulalamika iliyoambatanishwa, nasi tulimjibu.

Jambo gumu lilikuja Machi. Baraza lilipaswa kuidhinisha meneja wa bwawa. Aliyeletwa alikuwa dada wa miaka ishirini na tisa, Anneke Vosburgh, mwenye vyeti vizuri na sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Nilikuwa nimeketi safu ya pili. Mwenyekiti aliita majina, akafika kwa Verla. Niliona mikono yake juu ya meza, jinsi vidole vilivyotanuka vikatulia.

"Ndiyo," alisema. "Na nina ombi. Asome barua zangu zote za ule ufa kabla hajaanza kazi. Zipo kumi na moja."

Anneke alizisoma zote. Alirudi na maswali kurasa mbili, na Verla alitembea siku tatu kwa raha kama aliyeokota kitu.

Bwawa lilifunguliwa Juni, Jumamosi yenye joto, na foleni ikazunguka uwanja. Wale madiwani wengine walikata utepe wakaenda kivulini. Verla alinunua tiketi dirishani kama mtu yeyote, akabadilisha nguo, akaingia majini upande wa kina kirefu, akaanza kuogelea. Nilimtazama akienda na kurudi, mkono baada ya mkono, bila kurusha maji. Alikuwa amefika mara ya sita au ya saba, Anneke alipopuliza kipenga kutoka kwenye kiti kirefu cha mlinzi wa bwawa.

"Mama! Mama mwenye kofia ya bluu! Mstari huo ni wa darasa la watoto, linaanza sasa hivi. Sogea wa tatu, tafadhali!"

Watu kadhaa waliguna; walijua huyo mama ni nani. Verla aliinua kichwa, maji yakimchuruzika usoni. Akamtazama yule dada kwenye kile kiti ambacho miaka thelathini na mmoja kilikuwa chake.

"Sawa, mwalimu," alisema kwa sauti, akapita chini ya kamba mbili kwa pumzi moja, akatokeza kwenye mstari wa tatu, akaendelea.